Gazeti la Uhuru: lilikotoka mpaka kufungiwa

Vijana wengi hapa Dodoma wanalijua Uhuru kama gazeti la chama tu, basi. Ngoja niwape historia yake, maana ina visa.

Mwaka 1957 serikali ya mkoloni ilimpiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Sasa chama kikizibwa mdomo kitasikika vipi? Mwaka huohuo TANU ikawa na Sauti ya TANU. Msidhani ni gazeti kama haya ya leo! Zilikuwa karatasi za kupigwa taipu na kurudufiwa.

Mwaka 1958 zikamponza mwenyewe. Nyerere aliandika humo akiwashutumu ma-DC wawili wa Kizungu, akaburuzwa mahakamani Dar kwa kosa la kuwakashifu. Wakili Pritt akaja kutoka Uingereza kumtetea, lakini wapi! Hukumu ikawa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi 6. Akalipa faini. Kwangu mimi, gazeti la chama halijawahi kuwa na meno kama wakati ule.

Uhuru lenyewe lilianza mwaka 1961. Mwaka 1964 likapata ndugu wa Kiingereza, The Nationalist, ambalo Mkapa (ndiyo, Rais wa awamu ya tatu) alikuja kulihariri. Hilo likaunganishwa na Standard mwaka 1972 na kuzaa Daily News la serikali. Uhuru likabaki kwa chama. TANU ilipoungana na ASP mwaka 1977 na CCM kuzaliwa, gazeti likarithiwa pamoja na mengine.

Sasa sikieni hii. Agosti 2021 Uhuru liliandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea urais 2025. Habari yenyewe ilitokana na mahojiano yake na BBC. Chama kikasema ni uongo, kikawasimamisha kazi vigogo wa gazeti na kusitisha uchapaji kwa siku 7. Haikutosha: serikali nayo ikalifungia siku 14. Yaani serikali ya CCM inafungia gazeti la CCM! Mkoloni angalau alimshtaki mwandishi akapewa nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu. Safari hii wasomaji waliamka tu wakakuta gazeti halipo mezani.

Mwaka 2025 Samia akagombea.