NAFASI YA MWANAMKE KATIKA VITA VYA MAJIMAJI: FUNZO KUTOKA UNGONI

Historia ya watu walionyonywa huandikwa kwanza na mtawala, kwa faida yake. Wakishajikomboa, huiandika upya wao wenyewe. Lakini hata katika kuiandika upya tunaweza kuacha nje nusu ya wananchi. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ni mfano ulio wazi.

Hapa Matogoro, chini ya milima unakoanzia mto Ruvuma, kaburi la mashujaa wa Songea liko jirani nasi. Hata hivyo, tunapowauliza wanafunzi wetu wawataje viongozi wa vita hivyo, hutajwa Kinjikitile Ngwale, Songea Mbano, Mputa Gama na Chabruma. Ni haki yao kutajwa. Nkomanile hatajwi.

Nkomanile alikuwa kiongozi wa kike wa Wangoni. Kinjala alipoleta maji Ungoni mwaka 1905, Nkomanile alikuwa miongoni mwa waliompokea na kumfungulia njia kwa wakuu wengine. Kwa lugha ya leo, hiyo ni kazi ya uhamasishaji, na hakuna vita vya umma vinavyowezekana bila kazi hiyo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walimnyonga pamoja na wanaume zaidi ya 60. Ina maana kwamba beberu alimtambua kuwa kiongozi kabla vitabu vyetu havijamtambua.

Kwa nini basi akasahauliwa? Chanzo chake ni kosa la nadharia. Tumezoea kuvipima vita kwa mikuki na bunduki, na kusahau kwamba jeshi hutembea kwa chakula. Katika vijiji vyetu sehemu kubwa ya chakula hicho ilitoka katika jembe la mwanamke. Yeye ndiye aliyelima, akapalilia, akavuna na kujaza ghala.

Adui alilielewa jambo hili. Alipoona risasi pekee hazitoshi, serikali ya Gavana Götzen ilitumia njaa kuwa silaha: vijiji vilichomwa, mazao yakaharibiwa, maghala yakateketezwa. Wakoloni wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa na maradhi. Aliyechoma ghala alikuwa anapigana na jasho la mwanamke. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mwanamke alikuwa nje ya vita hivyo.

Mapambano ya uhuru yalithibitisha ukweli huo huo. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed na wenzake waliingiza maelfu ya wanawake katika TANU kwa muda wa miezi michache, wengi wao wakipitia vikundi vya ngoma. Chama kingekuwaje cha umma bila wao?

Wajibu wetu ni huu. Kwanza, jina la Nkomanile lifundishwe pamoja na majina ya wenzake, wala lisiwe nyongeza mwishoni mwa somo. Pili, masimulizi ya bibi zetu kuhusu njaa na ukimbizi yakusanywe kama sehemu ya historia ya vita. Tatu, kila tunapomuuliza mzee nani alipigana, tumuulize pia nani aliwalisha wapiganaji.

Umma usiojua nguvu zake zote hauwezi kuzitumia zote.