Ilani ya Ndoa

Neno ilani, ambalo siku hizi wengi hulisikia likiandamana na vyama vya siasa na uchaguzi, lina makazi ya kale zaidi katika mlango wa ndoa. Kwani kwa Kiarabu asili yake ni kulidhihirisha jambo hadharani, na wanazuoni wa Kiislamu wamehimiza tangu zamani kwamba nikaha itangazwe, isifichwe. Huku Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yawataka wawili wanaokusudia kuoana wampe msajili taarifa ya kusudio lao siku zisizopungua 21 kabla ya kufunga ndoa, wakitaja majina yao, umri, makazi, wazazi na hali zao za ndoa. Kisha habari hiyo hutangazwa, ili ajuaye kizuizi chochote apate kuweka pingamizi, na mke ambaye ndoa yake ni ya wake wengi asije akapata habari za mwenziwe karamu imekwisha kuliwa. Kwa hiyo napendelea karatasi ile iitwe ilani, wala si taarifa tu, kwa kuwa taarifa yaweza kuishia mezani kwa karani, na mke yule asiijue kamwe.