Kadi za mtandao: Namna ya kuoanisha taarifa za WMI bila kukosea

KOMPYUTA moja ya ofisini yaweza kuwa na kadi za mtandao nyingi kuliko zile anazozijua mtumiaji wake. Mbali na ile ya waya na ile isiyotumia waya, aghalabu huwapo ya Bluetooth, na nyingine zisizoshikika kwa mkono, zilizoundwa na programu za VPN au za kompyuta pepe.

Windows huhifadhi taarifa za kadi hizo katika makundi mawili tofauti. Msimamizi wa mtandao anayeandika skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa zenyewe kwa mfuatano, asipoyaoanisha vema huweza kubadili anwani ya kadi isiyo yenyewe. Ikiwa seva iko mji mwingine, mawasiliano nayo hukatika papo hapo, na kuirekebisha huenda kukahitaji safari.

Mfumo unaojibu maswali ya skripti kuhusu kompyuta huitwa WMI, na umekuwamo ndani ya Windows tangu Windows 2000.

Kundi la kwanza, Win32_NetworkAdapter, hueleza kifaa chenyewe: jina lake, mtengenezaji, kasi, na jina la muunganisho analoliona mtumiaji, ambalo huitwa NetConnectionID. Kundi la pili, Win32_NetworkAdapterConfiguration, hueleza mipangilio: anwani ya IP, lango la kutokea, seva za DNS, na kama DHCP inatumika.

La kwanza halina anwani ya IP, na la pili halina jina la muunganisho. Anayetaka kujua muunganisho fulani una anwani gani hana budi kuyauliza yote mawili.

Njia zinazopotosha

Wengi huanza kwa kulinganisha majina. Njia hiyo hushindwa pale kompyuta inapokuwa na kadi mbili za aina moja, kwani zaweza kuwa na jina lilelile.

Wengine hutumia anwani ya MAC, ile yenye tarakimu 12. Hiyo nayo si salama wakati wote. Kadi zilizounganishwa ili zifanye kazi kama moja huweza kuonyesha MAC ileile, na katika Hyper-V kadi pepe ya kompyuta mwenyeji yaweza kuchukua MAC ya kadi halisi.

Kufuata nafasi katika orodha, kwamba ya tatu huku ni ya tatu kule, ni hatari zaidi, hasa ikiwa swali moja limechuja kadi na jingine halikuchuja.

Njia iliyo sahihi

Makundi yote mawili yana kipengele kiitwacho Index, chenye namba ileile kwa kadi ileile. Skripti huuliza kwanza kundi la kifaa kwa kutumia NetConnectionID, ikapata namba, tuseme 7, kisha ikauliza:

SELECT * FROM Win32_NetworkAdapterConfiguration WHERE Index = 7

Lipo pia kundi la kiungo, Win32_NetworkAdapterSetting, ambalo kazi yake ni kuunganisha kifaa na mipangilio yake.

Tahadhari ni kwamba Index si InterfaceIndex. Hii ya pili iliongezwa kuanzia Windows Vista, nayo ndiyo inayotumika katika majedwali ya njia za mtandao. Kulinganisha moja na nyingine huleta jibu lisilo sahihi bila onyo lolote. Anayetaka kuhifadhi kitambulisho kwa matumizi ya baadaye atumie GUID ya kifaa, ambayo katika kundi la mipangilio huitwa SettingID.

Zana za leo

Skripti nyingi za kazi hii ziliandikwa kwa VBScript. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kuwa lugha hiyo itaondolewa katika Windows, na amri ya wmic ilikuwa imekwisha kuwekwa katika orodha ya zinazoachwa tangu 2021. WMI yenyewe ingalipo, na leo huulizwa kwa PowerShell, kupitia amri ya Get-CimInstance iliyokuja mwaka 2012. Makundi na Index havikubadilika.

Kwa zana yoyote, skripti ihesabu majibu kabla ya kubadili chochote. Likipatikana jibu moja tu, iendelee; yakiwa mawili au lisipopatikana, isimame na kutoa taarifa.