Magitaa ya JV na Namna ya Kuyatambua

Mwaka 1982 kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuunda upya magitaa yake ya miaka ya 1950 na 1960. Ushindani ndio uliosukuma uamuzi huo. Tangu Fender inunuliwe na CBS mwaka 1965, wapigaji wengi walilalamika kuwa ubora umeshuka, na viwanda vya Japani, Tokai kikiwa kimojawapo, vikawa vinauza nakala zilizoikaribia Stratocaster ya zamani kuliko ile mpya ya Fender yenyewe. Fender ikashirikiana na kampuni za Kijapani za Kanda Shokai na Yamano kuanzisha Fender Japan, na kazi ikapewa kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto. Magitaa ya kwanza yalipigwa namba zinazoanza na herufi JV, yakaendelea kutoka hadi 1984.

Stratocaster za JV zilifuata miundo miwili. Ule wa 1957 una shingo ya mti wa mepo isiyobandikwa ubao mwingine, na plastiki ya kifuani ni nyeupe, ya tabaka moja, yenye skrubu 8. Ule wa 1962 una ubao wa rangi ya kahawia iliyokolea juu ya shingo, na plastiki yake ya tabaka tatu ina skrubu 11. Kwa soko la Japani kila muundo ulitolewa kwa madaraja, na jina la daraja lilitaja bei kwa maelfu ya yeni: ST57-115 iliuzwa yeni 115,000, ST57-65 yeni 65,000. Daraja la juu lilipata pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, kutoka Marekani.

Yaliyosafirishwa nje yalibeba jina la Squier, chapa ya Fender. Ya mwanzo kabisa yana neno Fender kwa maandishi makubwa kichwani na Squier kwa madogo. Baadaye ukubwa huo ukageuzwa. Watoza wa Ulaya na Marekani hulipia zaidi yale ya mwanzo.

Ugumu uko kwenye namba. Katika Stratocaster ya JV namba imepigwa kwenye bamba la chuma nyuma ya mwili, linaloshikwa na skrubu 4. Bamba hilo hutoka kwa dakika chache na kufungwa kwenye gitaa lolote, kwa hiyo lenyewe si ushahidi wa kutosha. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni tarehe iliyoandikwa au kupigwa mhuri kwenye kitako cha shingo, nayo haionekani mpaka shingo ing'olewe.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi Tanzania. Bendi kubwa nyingi za dansi hazikutumia magitaa ya mpigaji mmoja mmoja: NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilipiga vyombo vya chama cha wafanyakazi. JV zilipotoka kiwandani, nchi ilikuwa katikati ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na chombo kilichokwisha kuingia kilitengenezwa kwa spea yoyote iliyopatikana. Gitaa lililofanya kazi miaka mingi katika hali hiyo si ajabu kuwa na shingo ya moja na pikapu za jingine. Mafundi waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima, maana bila wao muziki wa dansi ungenyamaza.

Lakini si kila mnunuzi ni mtoza. Babati, mji wa Mkoa wa Manyara, haina soko la watoza. Kwaya inayonunua gitaa la solo huangalia sauti na unyoofu wa shingo, na kwa kazi ya ibada hicho ni kipimo sahihi. Kwa mtoza, rangi iliyopakwa upya au pikapu zilizobadilishwa hushusha bei sana. Kubadilisha nyuzi hakuna athari. Kwaya yenye gitaa la JV iandike namba ya bamba na tarehe ya shingo kwenye daftari la mali, na kila kipuri cha asili kinachotolewa na fundi kitunzwe pamoja na gitaa.