Monaziti: mchanga wa rangi ya asali unaofuatana na kasiterite

Waliokulia Kindu kabla ya sola na jenereta ndogo za Kichina wanaikumbuka taa ya karabai. Kwenye arusi au matanga, mtu mmoja alipewa kazi ya kupiga pampu, na kile kitambaa chembamba kilichokwisha kuungua kikageuka mwanga mweupe wa kuumiza macho. Kilichokiwezesha kuwaka vile ni toriamu. Mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alipata mchanganyiko huo mwaka 1891: karibu asilimia 99 oksidi ya toriamu, asilimia 1 oksidi ya seriamu. Toriamu hiyo na seriamu hiyo vilitolewa katika jiwe moja linaloitwa monaziti.

Naanza na taa kwa sababu kila mara mtu anapotoka Kalima au Punia na kijiwe mfukoni, akininong'oneza kwamba ni uraniamu, mimi hukumbuka ile taa. Tumekaa karibu na miale zaidi ya tunavyodhani, lakini si ile ya hadithi za Shinkolobwe, na si ya kumtajirisha mtu usiku mmoja.

Jina alilitoa Mjerumani August Breithaupt mwaka 1829, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuwa peke yake, kwa kuwa alilikuta jiwe hilo likikaa kipekee. Kwetu halikai peke yake. Katika nchi ya bati ya Maniema na Kivu linafuatana na kasiterite, pamoja na koltani, zirkoni na ule mchanga mweusi unaofuata sumaku. Vyote hivyo vilitoka kwenye matale ya chini ya ardhi yenye umri wa karibu miaka bilioni moja. Mvua za msitu zimeyaozesha matale hayo polepole, maji yakachukua kilicho chepesi, na kilicho kizito kikabaki kwenye vitanda vya vijito vinavyoingia Elila, Ulindi na Lowa, kabla hata Lualaba haijapata habari.

Kila anayeosha mchanga anajua siri ya uzito, hata kama hajawahi kuiandika. Mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.65 ya maji. Monaziti ni karibu mara 5. Kasiterite inafika 7. Ndiyo maana kwenye mfereji wa mbao mchanga mweupe unaondoka wenyewe, lakini monaziti inang'ang'ania, inakaa nyuma kidogo ya kasiterite. Ukiitazama juani ni punje ndogo za njano au kahawia nyekundu, kama asali au chai ya rangi, zenye mng'ao kama wa utomvu uliokauka. Inakwaruzwa kwa kisu kizuri cha chuma, jambo ambalo kasiterite haikubali. Haiyeyuki katika maji. Sumaku ya kawaida haiishiki. Ile yenye nguvu sana huivuta kidogo.

Hapo kuna kichekesho kimoja. Sumaku zenye nguvu kubwa, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutengenezwa kwa chuma, boroni na neodimiamu. Na neodimiamu ni mojawapo ya metali zilizomo ndani ya monaziti, pamoja na seriamu na lanthanamu. Spika ndogo ya simu uliyoshika ukisoma habari hii ina sumaku ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayesafisha kasiterite yake kwa sumaku kali anatenga mchanga kwa kutumia kitu kilichozaliwa na mchanga wa aina ileile.

Sasa miale. Monaziti kwa kawaida ina toriamu kati ya asilimia chache na 12 hivi. Toriamu hufa polepole mno: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 14. Tangu matale yetu yalipoganda, ni kama asilimia 5 tu ya toriamu yake imekwisha. Kwa hiyo punje moja mkononi haikuunguzi. Hatari iko kwenye wingi na kwenye vumbi. Anayeponda mchanga mkavu nyumbani, ndani ya chumba kisicho na dirisha, anavuta punje zinazobaki mapafuni na kuendelea kutoa miale humo kwa miaka. Na gunia lililowekwa chini ya kitanda cha watoto kwa kuogopa wezi linakaa karibu nao kila usiku. Maji ndiyo kinga rahisi: mchanga ulioloweshwa haurushi vumbi.

Wabelgiji hawakuja Kalima kutafuta taa. Symétain ilianzishwa mwaka 1932 kwa ajili ya bati, na Japani ilipoikalia Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likawa na thamani kubwa kwa majeshi ya Washirika. Wazee waliobeba mchanga miaka ile walipimiwa kazi kwa kasiterite. Kwa aliyehesabu bati, monaziti ilikuwa uchafu unaopunguza bei ya gunia. Mwaka 1976 kampuni hizo ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na baada yake ilikuja SAKIMA, wachimbaji wa kienyeji wakiwa tayari wamejaa mashimoni. Katika historia yote hiyo malundo ya mabaki yalibadilisha mwenye nyumba, hayakubadilisha jina.

Majirani zetu wa Burundi waliona mapema. Huko Gakara, karibu na Ziwa Tanganyika, kuna mishipa ya bastnesiti, ndugu yake monaziti lakini yenye toriamu kidogo, na monaziti nayo imo. Wabelgiji waliichimba kuanzia mwaka 1948, na kazi ikaendelea hadi miaka ya 1970. Wakati huo huo televisheni za rangi zilikuwa zikihitaji uropiamu, metali nyingine ya ukoo huo, ili kuonyesha rangi nyekundu. Uchimbaji ulirudi mwaka 2017 kwa kampuni ya Rainbow Rare Earths, na mwaka 2021 serikali ya Burundi ikausimamisha ikisema nchi haipati haki yake.

Lakini mfano unaonigusa zaidi hauko Burundi, uko Malaysia, kwa sababu walikuwa kama sisi: nchi ya bati, yenye malundo ya mabaki. Mwaka 1982 kiwanda cha Asian Rare Earth kilianza kazi Bukit Merah, karibu na mji wa Ipoh, kikichukua mchanga uliobaki baada ya bati na kutoa humo metali adimu. Kumbuka kwamba ukiivunja monaziti kwa asidi au soda kali, metali adimu zinakwenda sokoni na toriamu inabaki mahali pale, sasa ikiwa katika takataka. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1985. Mwaka 1992 Mahakama Kuu iliwapa haki, mwaka uliofuata mahakama ya juu ikaibatilisha hukumu, na mwaka 1994 kampuni ikatangaza kufunga. Kusafisha eneo lile kuliendelea kwa miaka mingi na kugharimu mamilioni ya dola.

Siku hizi neno "madini adimu" linasikika hata kwenye redio za hapa, na bado kuna watakaokuja kuuliza bei ya mabaki. Pengine bei itakuwa nzuri. Mimi ningewauliza kwanza mambo mawili: mchanga utavunjwa wapi, na toriamu itabaki kwa nani.

Koltani inayosafirishwa nje hupimwa miale. Kanuni ya kimataifa inasema madini asilia yakizidi bekereli 10 kwa gramu, mzigo unasafiri na alama na karatasi za vitu vyenye miale. Kipimo hicho humlinda dereva, baharia na mtu wa bandari ya mbali. Lundo lililobaki nyuma ya nyumba, ambalo mama anachota mchanga wake kufyatulia matofali, halisafiri kwenda popote, kwa hiyo hakuna karatasi inayolidai.

Mashine ndogo ya kupimia miale inaingia ndani ya mfuko wa koti. Anayeanza nayo aanze na matofali.