Mchango Unaovuka Msiba: Historia Fupi ya Mtandao wa Uhisani wa Afrika Mashariki

Mwaka 2003 taasisi za uhisani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda chama kimoja, East Africa Association of Grantmakers, makao yake yakiwa Nairobi. Leo chama hicho kinajulikana kama East Africa Philanthropy Network, Mtandao wa Uhisani wa Afrika Mashariki, na kimeshavuka miaka ishirini. Makala haya yanaieleza safari hiyo kutoka Dar es Salaam, katika eneo linaloanzia Magogoni hadi Kariakoo. Tumeanzia hapa kwa makusudi. Katika mitaa hii watu walikuwa wakichangiana kwa utaratibu, kwa viongozi na kwa hesabu, miongo mingi kabla mfadhili wa kwanza kufungua ofisi mjini.

Historia hiyo inatufundisha jambo moja. Watu wa ukanda huu hawajawahi kukosa moyo wa kutoa. Walichokosa ni mahali pa kukiweka kile wanachotoa, kikae, kizae, na kiendelee kufanya kazi baada ya shida iliyowakusanya kwisha. Kujenga mahali hapo ndiyo kazi ya mtandao huu, na bado haijakamilika.

Mji wa wageni

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita mtaa ulijaa watu waliotoka bara: wapagazi, makuli wa bandarini, mafundi, wapishi, makarani. Wengi walikuwa mbali na ukoo. Mtu akifia mjini, nani amwoshe, nani achimbe kaburi, nani apeleke taarifa kwao? Wakajibu kwa kuunda vyama vya watu wa kwao: vya Wanyamwezi, vya Wapogoro na wengineo. Walichanga senti, wakazikana, wakauguzana, wakamsafirisha aliyeshindwa na mji. Hata vikundi vya ngoma ya beni, pamoja na shamrashamra zake, vilikuwa na kazi ya kusaidiana.

Mwaka 1929 mchango ulipanda daraja. African Association iliundwa Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes akiwa katibu, na wanachama wakajenga nyumba yao New Street, Mtaa wa Lumumba wa leo. Katika mtaa huo, Julai 7, 1954, kilizaliwa chama cha TANU. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwanzoni mwa 1955 kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, wanachama walichangishana fedha za safari. Wachuuzi na makarani wa Kariakoo walikuwa wameshajua kwamba anayechangia ana haki ya kuuliza mambo yanakwendaje, na haki hiyo waliipeleka hadi kwenye siasa.

Hatua chache kuelekea baharini, jamii za Kiasia zilikuwa zikijenga hospitali, shule na nyumba za ibada kwa fedha za wanajamii wenyewe. Matajiri nao waliacha alama. Ukumbi wa Karimjee, na ule wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, bado zinabeba majina ya waliotoa. Mji ulikuwa na mikondo mingi ya kutoa. Lakini kila mkondo ulikwenda kivyake, kwa dini, kabila na rangi, kama serikali ya kikoloni ilivyoupanga mji wenyewe.

Pauni kwa pauni

Jaribio moja kubwa la kuunganisha utoaji wa ukanda mzima lilianza Mombasa mwaka 1945, Aga Khan wa Tatu alipoanzisha East African Muslim Welfare Society. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wenye nguvu: Waislamu wa mahali wakichanga pauni moja kwa ajili ya msikiti au shule, naye huongeza pauni moja. Fedha ya mwenyeji ilitangulia, ya mhisani ikafuata. Kwa njia hiyo misikiti na shule zilijengwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Makao makuu yalihamia Dar es Salaam mwaka 1961. Desemba 1968 Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku jumuiya hiyo, na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, likaundwa.

Mambo mawili yalibaki kuwa funzo. La kwanza ni kwamba fedha inayolinganishwa na mchango wa wenyeji huongeza utoaji wao, wala haiuui. La pili ni kwamba taasisi ya hiari, hata ikiwa kubwa kiasi gani, inahitaji uhusiano unaoeleweka na dola pamoja na sheria inayoilinda. Wahisani wa leo wanapigania yote mawili.

Wa mjini na wa kwao

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ya Tanzania ilijitwika shule, tiba na maji, na mwaka 1969 shule za mashirika ya dini zilichukuliwa. Kwa miaka kadhaa kutoa kulionekana kuwa kazi ya taifa zima kupitia kodi na nguvu kazi. Kenya ilishika njia ya harambee. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 shule za sekondari zilizojengwa kwa harambee zilizidi zile za serikali kwa idadi.

Uchumi ulipoyumba na Serikali kushindwa kujenga sekondari za kutosha, wenyeji wa wilaya mbalimbali waliokuwa Dar es Salaam walifanya tena kile walichokifanya wazee wao wa Kariakoo, safari hii kwa ukubwa wa wilaya nzima. Mfuko wa elimu wa Mufindi, mfuko wa maendeleo wa Njombe na ule wa Newala ni mifano inayojulikana. Wafanyabiashara, maofisa na maprofesa walikutana mjini, wakachangishana, na sekondari zikajengwa kwao. Ukweli pia usemwe: baadhi ya mifuko hiyo ilitegemea makato ya mazao ya wakulima, ambao hawakuulizwa sana kama wanapenda. Mchango usiokuwa na hiari hugeuka kodi bila risiti, na Kenya nayo ililijua hilo kwa uchungu, pale harambee ilipogeuka jukwaa la wanasiasa. Mwaka 2003, mwaka uleule mtandao wetu ulipoundwa, sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya Kenya iliwabana maofisa wanaotumia vyeo vyao kuchangisha.

Taasisi zakutana

Miaka ya 1990 ilileta asasi nyingi na wafadhili wengi wa nje. Fedha ziliingia, lakini asasi zikaanza kumtazama aliye mbali kuliko jirani. Mwaka 1997, kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation, Wakenya walianzisha Kenya Community Development Foundation, KCDF, wakiwa na lengo la kuwajengea wananchi mifuko yao wenyewe. Wazo la taasisi ya aina hiyo lilikuwa na umri mkubwa: Cleveland, Marekani, mwaka 1914, mwanasheria na mwanabenki Frederick Goff aliunganisha wasia na zawadi za watu wengi katika mfuko mmoja unaosimamiwa kwa manufaa ya mji. KCDF iliipandikiza mbegu hiyo katika udongo wa harambee.

Huku Dar es Salaam, Foundation for Civil Society ilisajiliwa mwaka 2002 na kuanza kazi mwaka 2003. Wafadhili kadhaa wa kimataifa waliweka fedha zao katika kapu moja, nayo ikazigawa kama ruzuku kwa asasi ndogo za mikoani. Kikundi cha wilayani kiliweza kuandika ombi la fedha na kujibiwa na Watanzania. Baadaye ilishiriki kuanzisha Wiki ya AZAKI, yaani asasi za kiraia, iliyofanyika Dodoma mwaka 2018 na kukutanisha asasi, serikali na sekta binafsi.

Mwaka 2003 ulikuwa wakati mwafaka wa kuunda chama cha ukanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ilikuwa imerudishwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Ikiwa bidhaa na wafanyabiashara wanavuka Namanga na Mutukula, kwa nini uzoefu wa kutoa ubaki nyuma ya mpaka? Taasisi za familia, za kampuni na za kijamii ziliketi meza moja. Zilianza kufundishana namna ya kutoa ruzuku kwa haki, kufanya tafiti kuhusu utoaji wa Waafrika wenyewe, kuzungumza na serikali kuhusu sheria na kodi, na kukutana katika makongamano ya uhisani ya ukanda.

Kutoka daftari hadi mfuko wa kudumu

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana vizuri mitaani Kariakoo. Mtu akifiwa Mtaa wa Swahili au Narung'ombe, turubai halijamaliza kufungwa, daftari limeshafunguliwa. Ni daftari la kawaida la mistari, limepigwa rula: jina, ahadi, alichotoa, baki. Jioni mweka hazina husimama na kusoma kwa sauti: zilizopatikana ni hizi, sanda, kaburi, gari na chakula vimekula hizi, zilizobaki anakabidhiwa mfiwa. Siku hizi orodha hiyohiyo hutumwa pia kwenye kundi la WhatsApp, na michango inaingia kwa simu. Hakuna anayedai mkaguzi, kwa sababu wote wamesikia. Uwazi wa namna hii taasisi nyingi zenye ripoti za kurasa mia hazijaufikia.

Lakini daftari lina mpaka. Arobaini ikipita, linafungwa. Mtoto wa marehemu aliye kidato cha pili anabaki na gharama za shule za miaka miwili mbele yake, na majirani walewale, wenye moyo uleule, hawana pa kuuweka mchango wa kumsomesha. Hapo ndipo mfuko wa kudumu unapoingia. Tuseme wakazi wa kata moja, wafanyabiashara wake na waliohamia mbali wamekusanya Sh milioni 100 kwa miaka mitano. Fedha hiyo hailiwi. Inawekwa kwenye hatifungani za Serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Sehemu ya faida inarudishwa kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiutafune, na inayobaki inasomesha watoto kila mwaka, miaka nenda miaka rudi.

Wala si jambo geni pwani. Wakfu ni mfuko wa kudumu. Mtu huweka nyumba au shamba, mali haiuzwi, kodi au mavuno yanahudumia msikiti, madrasa au mafukara. Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziko chini yake. Muislamu anayekwepa riba ana mfano tayari wa kuufuata, na taasisi za kisasa zina mengi ya kujifunza kwake.

Sheria, simu na upepo uliogeuka

Tanzania ilipata sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali mwaka 2002. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara anayechangia taasisi ya hisani inayotambuliwa kupunguza mchango huo katika hesabu ya kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kenya ilipitisha sheria yake ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, ikasubiri hadi Mei 2024 ndipo ianze kutumika: miaka 11. Kwa mambo ya namna hii, taasisi moja ikienda peke yake inaonekana inajiombea. Zikienda pamoja, zikiwa na takwimu na mifano ya nchi jirani, zinasikilizwa.

Simu nayo imebadilisha kiwango. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Njaa ilipopiga kaskazini mwa Kenya mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la Sh milioni 500 za Kenya, na michango, mingi yake ikiwa midogo ya simu, ikalivuka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Simu imetuonyesha idadi ya mioyo hiyo.

Mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kuifunga USAID, huku Uingereza ikitangaza kupunguza ya kwake. Kliniki na miradi iliyokuwa ikitegemea fedha hizo iliathirika katika ukanda wetu wote. Michango yetu haiwezi kuziba pengo lile, na tusiwadanganye wananchi kwamba inaweza. Dawa na shule ni wajibu wa serikali, na kodi ndiyo mchango mkubwa kuliko yote. Ila mfuko wa wenyeji unafanya kitu ambacho msaada wa nje haukuwahi kukifanya: haufungwi kwa uamuzi wa serikali isiyotujua.

Deni la miaka ijayo

Tunaadhimisha mtandao huu kwa kuudai. Taasisi wanachama zisome hesabu zao kwa Kiswahili, mbele ya waliochanga, kama mweka hazina wa Kariakoo anavyosoma. Mwenye kikoba na mama lishe wawe na kiti kwenye bodi za mifuko ya kijamii, si picha kwenye jalada la ripoti tu. Kila ruzuku itakayotoka nje itanguliwe au ilingane na fedha ya mahali, hata ikiwa ndogo. Na serikali za ukanda zikubaliane juu ya unafuu wa kodi unaoeleweka, ili Mtanzania aliyeko Nairobi aweze kuchangia sekondari ya kwao bila kupita vichochoro.

Vyama vya kuzikana vya Kariakoo vilisimama kwa sababu kila aliyetoa alijua fedha yake ilikwenda wapi. Taasisi zetu zikishika sharti hilohilo, watu watazipa zaidi ya rambirambi: watazikabidhi akiba ya wajukuu wao.