Uigaji wa uendeshaji wa reli nyepesi

Uigaji wa uendeshaji wa reli nyepesi ni kupima, kwa programu ya kompyuta au treni za mfano mezani, jinsi treni zinavyofuata ratiba na kupishana. Njia fupi za pwani hufaa sana, kwani njia nzima huenea katika mfano mmoja. Reli ya Bububu, Unguja, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney mwaka 1905, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 11.

Tukikisia mwendo wa kilomita 20 kwa saa, bila kuhesabu vituo, safari ya upande mmoja huchukua dakika 33. Zikiongezwa dakika 7 za kugeuza kila mwisho, mzunguko ni dakika 80; treni moja haiwezi kuondoka kila saa. Treni mbili zikianza pamoja kutoka pande zote mbili hukutana katikati, na hapo ndipo panapohitajika njia ya kupishana. Moja ikichelewa dakika 5, nyingine hungoja, lakini zile dakika 7 humeza ucheleweshaji huo. Wastani mmoja wa mwendo, hata hivyo, hudanganya: treni ilipita mitaa myembamba ya mjini, na sehemu hiyo yastahili mwendo wake wa polepole.